Riello 40 hapa Goma: brileri nzuri, lakini usiifunge kana kwamba uko pwani

Nyumba zenye shodieri (chombo cha kupashia maji) ya mazutu, yaani dizeli, si nyingi Goma, lakini zipo: nyumba za wageni za Himbi na Katindo, zahanati kadhaa, na wenye nyumba kando ya ziwa waliochoka kungojea umeme uwapashie maji ya kuoga. Humo ndimo unapokutana na Riello 40, brileri ndogo ya Italia yenye kofia nyekundu, yaani kichomeo kinachowasha mazutu ndani ya shodieri. Tunaizungumzia ikiwa na jikleri (kitundu kinachonyunyiza mafuta) ya galoni 0.65 kwa saa, namba inayopimwa kwenye bar 7, pembe ya nyuzi 60, pampu ikiwa kwenye bar 12. Kwa kipimo hicho inakunywa lita 3.2 hivi kwa saa na kutoa kama kW 32. Tangi la maji la lita 200 linatoka nyuzi 15 hadi 60 kwa dakika 25 hivi, kwa lita moja na robo ya mazutu. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana, mradi ipate hewa na moshi wake upate njia.

Shida kubwa ya hapa ni mwinuko wa mji, na mafundi wengi wanausahau. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa kilo 1 tu, wakati ya pwani inakaribia 1.2. Kuunguza kilo moja ya mazutu kunataka kilo 14.5 za hewa, na juu yake huongezwa kama sehemu moja ya tano ili moto usikose pumzi. Kwa jikleri hiyo ya 0.65, feni lazima isukume mita za ujazo 47 kwa saa. Pwani ingetosha 39. Kwa hiyo namba ya klapeti, kilango cha kupitisha hewa, iliyo kwenye jedwali la kitabu ichukue kama pa kuanzia tu. Ukiiacha hapo, brileri inawaka, maji yanapata moto, mwenye nyumba anafurahi, na baada ya wiki chache masizi yamejaa ndani ya shodieri. Anayekuja anabadilisha jikleri, na wiki chache baadaye masizi ni yale yale.

Kurekebisha kunafanyika hivi. Acha shodieri ifike nyuzi 60. Toboa tundu la milimita 8 kwenye bomba la moshi, karibu na shodieri, kabla ya kona ya kwanza. Vuta moshi kwa pampu ya mkono yenye karatasi nyeupe, mara 10. Doa likiwa jeusi au kijivu kizito, fungua klapeti kidogo kidogo, ungoje dakika mbili, uvute tena, mpaka karatasi ibaki karibu nyeupe. Hapo weka kipimo cha gesi: oksijeni asilimia 4 hadi 5, CO2 kati ya 11.5 na 12.5. Usiendelee kufungua kwa kujifurahisha. Hewa ikizidi, moto unasukumwa mbali na kichwa cha brileri (ncha unapowakia), joto linakimbilia nje, na asubuhi brileri inakataa kuwaka. Na kama klapeti imefunguka hadi mwisho na karatasi bado ni nyeusi, usibishane na feni: shuka hadi jikleri ya 0.60. Alama ya kichwa nayo lazima ilingane na jikleri mpya.

Kabla ya hayo yote, fungua kofia uangalie feni. Vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali hapa Goma, na likichanganyika na mvuke wa mazutu linashika kwenye mapezi kama ugali uliokauka. Mapezi yakijaa, hewa inapungua ingawa klapeti iko wazi. Brashi ya meno na mazutu kidogo vinatosha. Sifa moja ya Riello hapa: jikleri, elektrodi na sahani ya kichwa vinatoka pamoja, bila kuing'oa brileri kwenye shodieri. Kazi inayochukua nusu siku kwenye mashine nyingine, hapa ni saa moja na chai juu.

Halafu kuna grupu, yaani jenereta. Umeme ukikatika, brileri inahamia kwenye grupu iliyochoka inayozunguka kwa hezi 47 badala ya 50. Feni inapungua mwendo kwa asilimia 6, lakini pampu inabaki kwenye bar 12, kwa hiyo mafuta ni yale yale na hewa imepungua. Ukiona moshi mweusi usiku tu, au siku za kukatika umeme tu, usiiguse brileri. Mpe kazi fundi wa grupu.

Chumba chenyewe cha shodieri ndicho kinachotesa zaidi. Kwa kW 32 kinataka tundu la hewa lisilozibwa la sentimita 15 kwa 15, likitazama nje moja kwa moja. Watu wanaweka wavu wa mbu juu yake, vumbi linaziba wavu, na brileri inaanza kunguruma kama pikipiki yenye bomba lililotoboka. Weka wavu wa matundu makubwa, au ongeza tundu mara mbili. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: brileri ikinguruma, fungua mlango. Ngurumo ikikoma, kosa ni la chumba. Feni ya kunyonya hewa jikoni ikiwa upande wa pili wa mlango, iwashe pia wakati wa jaribio, kwa sababu inaweza kuurudisha moshi ndani.

Kwa nyumba za magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na ufukoni, kuna jambo ambalo kitabu cha Italia hakiwezi kulijua: mazuku. Gesi hiyo ni CO2, nzito kuliko hewa, na hutulia mabondeni hasa alfajiri kabla ya upepo. Shodieri iliyowekwa chumba cha chini ya ardhi inaweza kuvuta gesi hiyo, ikazima yenyewe asubuhi na kuwaka vizuri mchana. Mtu asishuke kubonyeza kitufe cha kuiwasha tena. Gesi iliyozima moto humzimisha mtu pia. Huko shodieri ikae juu ya ardhi, kwenye chumba kilicho wazi, basi.

Bomba la moshi nalo linavuta kwa unyonge kuliko Ulaya. Bomba la mita 6, moshi ukiwa nyuzi 180, linatoa kama paskali 30 kule wakati wa baridi ya nyuzi 0. Hapa, na nyuzi 20 nje, ni kama 20, kabla ya kutoa hasara ya kona. Kwa hiyo kona zisizidi mbili, za nyuzi 45 zikiwezekana, na mdomo wa bomba upite kilele cha paa kwa sentimita 60 angalau, la sivyo upepo wa ziwa unausukuma moshi ndani. Nunua inox, chuma kisichoshika kutu. Mabati hayadumu: asidi ya moshi wa mazutu inayala kutoka ndani, na mvua inayopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo inayala kutoka nje.

Ukiiona inawaka sekunde chache kisha inajifunga na taa nyekundu, pangusa kwanza jicho linalouona moto, maana likipakwa masizi linadhani hakuna moto. Bonyeza kitufe mara mbili, isizidi. Kila jaribio lililoshindwa linaacha mazutu ndani ya shodieri, na siku yatakapowaka yatawaka yote kwa pamoja.

Tunaipendekeza Riello 40 kwa mwenye nyumba aliye na fundi mwenye kipimo cha gesi. Asiye naye atajuta hata akinunua brileri ya bei gani. Na pesa ya king'ora cha monoksidi ya kaboni, gesi ya moshi yenye sumu, itoke kabla ya ile ya brileri.