Kozi ya Kiingereza iliyonitoza mia tano kwa kusema "pole"

Jamani, kabla hujatoa laki yako kwenye hizi kozi za kukufanya uongee kama mzungu kwa miezi mitatu, nisikilize kwanza.

Mimi ni mpagazi, Mlima Kilimanjaro. Masika fulani wageni walikatika, nikasema nisikae bure, ngoja ninyooshe kimombo hapa Moshi. Bila hicho utabeba mizigo mpaka uzeeke, uongozaji utausikia kwa wenzio tu.

Sheria ya darasa: neno la Kiswahili, mia tano kwenye kopo la Blue Band. Wiki ya kwanza tulicheka.

Siku hiyo akaingia mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi. Kachelewa, macho mekundu. Akasimama mlangoni: "Mwalimu, nimefiwa." Darasa zima tukaitikia, "Pole, mama." Ticha akachukua kopo, akalitikisa. Wallahi alilitikisa! Akahesabu vichwa, tisa. Na mfiwa mwenyewe ndani, kwa sababu "nimefiwa" nalo ni Kiswahili. Mama wa watu akafungua fundo la khanga, akatoa sarafu.

Nikauliza, basi tumwambieje? "I'm sorry." Sorry ya nini, kwani nimemuua mimi? Akasema mjadala huo niulete kwa Kiingereza. Sikuweza, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Halafu ile he na she. Sisi "amekuja" ni amekuja, awe mume au mke. Badala ya kutueleza kwamba tatizo linaanzia hapo, yeye anatuita wavivu. Mpaka leo nikichoka, mgeni wa kike namwita he.

Haya, haki yake nimpe. Alikuwa anakuwekea picha ya soko, unaisimulia dakika mbili bila kusimama, kukosea ruksa, kutunga kwanza Kiswahili kichwani marufuku. Zoezi hilo lilinichosha kuliko kupanda na mzigo.

Msimu ulipofunguka, tuko kambi ya Barafu, mgeni mmoja mama anashuka kutoka kilele cha Uhuru, hoi, akatapika mbele ya hema. Likanitoka: "Pole, mama. Pole sana." Akanikazia macho. Wiki nzima kaimbiwa "pole pole", kadhani namhimiza apunguze mwendo, na amekaa chini! Nikacheka, nikakaa kwenye jiwe, nikamweleza hii pole nyingine: ya mgonjwa, ya mfiwa, ya aliyejikwaa, kwamba haina maana umemkosea. Nimemaliza ndipo nikashtuka kuwa maneno yote yale yametoka kwa Kiingereza, na sikuyatafuta.

Kwa hiyo nyota moja niliyokuwa nimepanga kuipa kozi hii, naifanya tatu.

Hapana. Mbili. Yule mama hakurudi tena darasani, na ada yake hakurudishiwa.