Dawa za Kusafishia Marumaru na Graniti: Ipi Ununue Kwanza

Kabla hujatoa pesa, lijue jiwe lako. Dondosha tone la siki mahali pasipoonekana, tuseme upande wa chini wa ukingo, kisha ufute upesi. Likitoa vipovu, una marumaru, travatini au ndugu yao mwingine wa jamii ya chokaa. Graniti haitoi povu.

Namba moja, bila ubishi, ni sabuni ya maji ya mawe yenye pH 7, yaani isiyo asidi wala alkali. Igeuze chupa usome nyuma. Ikisifia limau au kuahidi kung'oa ukoko wa maji ya chumvi, irudishe rafuni, maana asidi hula chokaa. Mimi niliacha nusu ya limau juu ya kaunta ya marumaru usiku kucha. Asubuhi nikakuta duara lililofifia, nikalisugua kwa sabuni hadi mkono ukachoka. Kumbe nilikuwa nasugua kidonda: ngozi ya jiwe ilishaliwa, na ilibidi fundi aje kuling'arisha upya.

Namba mbili ni sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, matone machache kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Kwa matumizi ya kila siku inatosha kabisa, ila ukizidisha huacha utando. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini.

Namba tatu ni dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe. Wauzaji huipigia debe kama kinga ya kila kitu, nayo sivyo ilivyo. Huchelewesha mafuta na kahawa kuzama. Limau litakula marumaru vilevile. Mwaga kijiko cha maji usubiri dakika 15. Pakikolea rangi, inunue. Graniti nyeusi iliyoshikamana mara nyingi haiihitaji, okoa pesa yako.

Doa la mafuta lililokwisha kuzama lina tiba ya bei ndogo: soda ya kuokea iliyokorogwa kama uji mzito. Paka, funika kwa nailoni saa 24, kisha uondoe taratibu bila kusugua.

Mkiani kabisa naweka poda za kusugulia na dawa za choo. Ugumu wa marumaru ni kama 3 tu kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, na mchanga laini ulio ndani ya baadhi ya poda ni 7. Hata ukipewa bure, kataa.