Dungeons & Dragons barazani kwetu Kikwajuni: miaka miwili ya kucheza na kubishana sheria

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kubishia joka. Linatema moto, linaruka, linasema na watu, nasi sote sita tumekaa tunasikiliza. Lakini usiku ule chombo chetu cha mchezoni kilipokwenda na kusi, upepo wa kusini, usoni kwa mwendo ule ule wa kwenda na upepo, mchezo ulisimama saa nzima na kahawa ikapoa birikani.

Naandika haya kwa anayefikiria kuujaribu mchezo huu hapa Zanzibar, kwa sababu mimi nilipoanza sikupata wa kunieleza kwa Kiswahili. Tunacheza Jumamosi baada ya Isha, na sasa tumetimiza miaka miwili.

Kwa asiyeujua: ni hadithi inayosimuliwa na watu kwa pamoja. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali, watu na maadui. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, na pale jambo lisipojulikana litaishaje, dadu huamua. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tuna kisanduku cha kuanzia cha toleo la tano, cha mwaka 2014, alichokuja nacho binamu yangu kutoka masomoni. Ndani mna kijitabu cha sheria cha kurasa 32, kitabu cha hadithi cha kurasa 64, wahusika watano waliokwisha tayarishwa, na dadu sita: za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Kisanduku nakisifu bila kusita. Nilikisoma siku mbili, ya tatu nikaendesha mchezo, na hakuna aliyeondoka kabla ya saa sita usiku.

Kitabu chenyewe kinampa msimulizi ruhusa ya kubadili sheria. Hilo kwetu si geni. Nani hajawahi kwenda kucheza dhumna mtaa wa pili akakuta wana sheria nyingine? Karata ndivyo, keram ndivyo. Kwa hiyo mabadiliko yetu tukayaita sheria za baraza, na ya kwanza ilitoka kwa mwenye baraza mwenyewe. Alituona na dadu, akatwambia kwa upole, "Wanangu, chezeni, lakini hivyo vidude barazani kwangu sivitaki." Tukaitikia. Tukaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia kwenye kikapu kidogo cha ukili. Mwenzetu anayesomesha hisabati skuli akatushika hapo hapo: kila karatasi ikishavutwa lazima irudi kikapuni, la sivyo aliyekwisha kuvuta 1, namba mbaya kuliko zote, anajua haitamtokea tena, na hofu yote imekwisha. Dadu tunazitumia tukiwa ndani kwangu tu, mvua ikinyesha.

Ugomvi wa kweli wa kwanza ulikuwa wa kuanguka. Sheria inasema kila futi 10 unazoanguka, unatupa dadu moja ya pande 6, na jumla yake inatolewa kwenye uhai wako. Sheria nyingine inasema ukilala usiku mmoja, kwa muda wa saa 8, uhai wote unarudi. Sasa shujaa wetu wa daraja la tano (mhusika hupanda daraja kadiri anavyocheza) ana uhai 44. Akaanguka kutoka juu ya ukuta wa futi 40, kama mita 12 hivi, akapoteza 14, akalala, asubuhi akaamka mzima kama aliyetoka harusini. Miongoni mwetu yuko kijana wa Wete, Pemba, kwao wana shamba la mikarafuu. Aliweka karatasi yake chini. "Kaka," akaniambia, "kwetu mtu akianguka mkarafuu anabebwa." Hakusema zaidi, na hakuna aliyeweza kuendelea.

Mwongozo wa msimulizi, kitabu kingine cha mchezo huu, una sheria ya hiari kwa wanaotaka ugumu wa maisha: pumziko fupi linakuwa saa 8, refu, lile linalorudisha uhai wote, linakuwa siku 7. Tukaijaribu mara tatu. Naisema wazi, kwa hadithi ya kisanduku hiki haifai. Kuna mtu ametekwa anangoja kuokolewa, nawe huwezi kulala wiki nzima huku mwenzako yuko mikononi mwa adui. Mchawi wetu, ambaye uganga wake hurudi hasa kwa pumziko refu, aliumaliza siku ya kwanza, vikao viwili vilivyofuata akabaki kuangalia wenzake. Tukaitupa. Badala yake tukakubaliana kwamba uhai unarudi kwa usiku mmoja kama kitabu kinavyotaka, ila aliyeanguka zaidi ya futi 20 anavuta namba kwa ustahamilivu wake, moja ya sifa za mhusika zinazopimwa kwa namba, na akishindwa kiungo kimoja kimevunjika. Atakwenda nusu ya mwendo mpaka atibiwe. Hesabu ni ndogo, inafanyika kwa pumzi moja, na kijana wa Wete akaichukua karatasi yake.

Nije kwenye bahari, maana hapa ndipo mchezo huu ulipotuingia damuni.

Jedwali la vyombo linasema mashua ya makasia inakwenda maili moja na nusu kwa saa, na meli ya tanga maili 2. Basi. Ami yetu mmoja ni nahodha, ana chombo cha kuvulia; yeye hachezi, hupita kunywa kahawa. Nilipolisoma jedwali kwa sauti akauliza, "Na upepo uko wapi hapo?" Nikamwambia, ami, haukuandikwa. Akaomba dhumna. Akalaza kete moja mkekani, hii Unguja. Nyingine mbali kidogo, hii Pemba. Akapitisha kiganja juu ya mkeka kutoka kusini: kusi limekamata, tanga limejaa, unakwenda Pemba umekaa. Kisha akarudisha chombo kutoka Pemba, na safari hii hakukiburuta moja kwa moja. Alikipeleka huku, akakigeuza, akakipeleka kule, akakigeuza, na kila alipogeuza aliacha kete moja. Kilipofika Unguja mkeka mzima ulikuwa na kete. "Huku ndiko kubisha," akasema. "Njia ile ile, lakini si safari ile ile."

Usiku ule tukaandika sheria ninayoipenda kuliko zote. Kila alfajiri ya mchezoni msimulizi anavuta karatasi ya upepo. Ukiwa wa nyuma, chombo kinakwenda maili 5 kwa saa. Wa ubavuni, 4. Wa omo, yaani wa mbele, ni kubisha, na unapata maili 1 tu ya maana. Shwari ikikushika, shika makasia. Tangu hapo wachezaji wakiamka mchezoni la kwanza wanalouliza ni upepo. Wanagombana tuondoke au tungoje, na yule mateka anangoja nao. Kabla ya hapo bahari ilikuwa barabara tu, unasema "tunavuka" na umeshavuka.

Pumzi nayo ilitoka huko huko. Kwa kitabu, mhusika mwenye ustahamilivu wa 16 anakaa chini ya maji dakika 4, na kupigana hakumpunguzii hata sekunde. Mwenzetu mmoja aliwahi kuzamia majongoo ya bahari. Hakubishana kwa maneno. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akafumba macho, nasi tukampimia kwa simu: dakika mbili na sekunde 10. Akapumzika. Kisha akasimama, akamwambia binamu yangu ashindane naye kusukumana mikono kwa nguvu zote, akaziba pumzi tena. Sekunde 35. Uso umemvimba, mishipa ya shingo imesimama, na binamu bado anamsukuma hajui kama mashindano yamekwisha.

Tukachukua komwe za bao. Kila nusu dakika ya pumzi ni kete moja, kwa hiyo mwenye dakika 4 anawekewa kete nane mbele yake. Zamu moja ya kupigana chini ya maji inakula kete moja, na ukijeruhiwa inakwenda nyingine. Kwa kitabu zamu ni sekunde 6, lakini mikono ya binamu ilitufundisha kwamba kupigana kunakula pumzi kuliko muda wake. Mwezi uliopita nilimwangalia mwalimu wetu ana kete mbili, sanduku alilozamia ameshalikamata, na nyangumi mwenye meno, wa mchezoni, yuko nyuma yake. Alizigusa kete zile kwa kidole, akazipanga, akazipangua. Akaliacha sanduku. Dadu peke yake haijawahi kunionyesha uso kama ule.

Si kila sheria ya baraza ilifaa. Tulikuwa na moja inayopendwa na wachezaji wengi duniani, kwamba anayepata 1 kwenye shambulio anaangusha silaha au anajikata mwenyewe. Mwalimu akaipigia hesabu nyuma ya kisanduku. Anayepiga mara moja kwa zamu ana asilimia 5 ya kujiaibisha. Shujaa wa daraja la tano anapiga mara mbili, kwa hiyo anakaribia asilimia 10. Kadiri unavyokuwa bingwa ndivyo unavyoangusha upanga zaidi! Ilionekana kama uhalisia, kumbe ilikuwa adhabu kwa aliyejifunza. Tukaifuta siku hiyo hiyo. Uzito wa mizigo nao tulijaribu kuuhesabu ratili kwa ratili, tukachoka kikao cha pili.

Kama nitaulizwa kununua au kutonunua: kisanduku kinunue ukipata mtu wa kukuletea, hadithi yake ina thamani. Lakini usikingoje ndipo uanze. Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo hili ziko kwenye leseni huria ya Creative Commons, faili la kama kurasa 400, unalipakua bure, na unaruhusiwa kulitafsiri na kulibadili mradi umtaje mwenye kazi. Mimi nimeshatafsiri sura za mapigano na za safari kwenye daftari, na duka la fotokopi linanijua. Lipo pia toleo lililorekebishwa la mwaka 2024. Sisi bado tupo na la zamani kwa sababu daftari letu limejengwa juu yake. Na sheria za baraza zikubaliwe kabla kikapu hakijaguswa. Ukibadili sheria karatasi ikiwa imeshavutwa, utampoteza mchezaji, nami nilimpoteza mmoja hivyo, akakaa miezi miwili hajarudi.

Sasa kijana wa Wete anataka tuweke sheria ya masika, kwamba mvua ikinyesha kamba ya upinde inalowa na mshale haufiki. Mimi napinga. Bahari tulikuwa na nahodha, pumzi tulikuwa na mzamiaji, kuanguka tulikuwa naye yeye mwenyewe. Upinde hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuvuta. Anasema ana babu aliyeko Konde aliyewinda nao ujanani, na kwamba atampigia simu. Nimemwambia ampigie, tutamsikiliza Jumamosi.