Kuzamia mara ya kwanza Mikindani: mwalimu mzuri, miwani michovu

Kwa vijana wanaosafiri na mabegi mgongoni, kuzamia kwenye ghuba ya Mikindani kunafaa, mradi mwalimu asikimbize somo. Hapa hakimbizi. Kila mtu anaanzia maji ya kifuani, akijifunza kutoa maji kwenye miwani na kurudisha kinywani kifaa cha kupumulia kikichomoka.

Kinachowashinda wengi ni masikio. Mita 10 chini, shinikizo ni maradufu ya lile la juu, kwa hiyo bana pua na upulize taratibu karibu kila mita, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, panda kidogo, usilazimishe. Mwenye mafua abaki ufukweni alinde mabegi. Na pumzi haizuiwi kamwe: hewa hutanuka unapopanda, mapafu yanaweza kuchanika.

Mitungi ya hewa inajazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo), na watu wanakuwa juu ikiwa imebaki 50. Safi. Kasoro ni miwani: mpira umekakamaa na inavuja, hasa kwa wenye sharubu. Ijaribu bila mkanda. Vuta hewa kwa pua, ikiganda usoni, chukua hiyo. Ndege ya kutoka Mtwara isubiri angalau saa 18 baada ya kuzamia.