PS5, Xbox au Switch: ipi ya kuaminiwa na saa 80 za RPG stima zikipotea?

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, konsoli husifiwa kwa picha. Anayecheza mpira hana shida: mechi ikikatika, anaanza nyingine. RPG, gemu ya kuishi kama mhusika ndani ya hadithi ndefu, ni safari ya saa 80, hata 100, kwa hiyo tumezipima mashine hizi kwa namna zinavyoitunza hiyo safari.

Kwa hilo, kati ya mashine zinazotegemea umeme wa ukutani, Xbox Series S na Series X zinaongoza. Kipengele chao cha Quick Resume huandika hali ya gemu kwenye SSD (hifadhi ya ndani isiyofutika umeme ukikatika) unapoiacha, na hata ukichomoa waya ukutani, unarudi pale pale. Stima zikipotea katikati ya pambano, hapo utarudi pale ulipohifadhi gemu mara ya mwisho tu. Nakala ya mtandaoni ya hifadhi zako ni bure. Udhaifu wa Series S ni nafasi: kati ya GB 512, unabaki na takriban 364, na haina mlango wa diski. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya Mbps 10 huchukua saa 22 hivi kushuka, na ukiimaliza huwezi kuiuza wala kubadilishana na mtu.

PS5 ndiyo yenye maktaba tunayoipenda zaidi. Final Fantasy VII Rebirth ya 2024 ilitoka kwa diski mbili: ya kwanza ni ya kusakinisha, ya pili ndiyo ya kuchezea, hivyo ukinunua mtumba hakikisha zote zimo. (Mwaka 1997 Final Fantasy VII yenyewe ilijaza CD tatu za PlayStation, kaseti za Nintendo 64 zisingeibeba.) Lakini PS5 ikilala, gemu hubaki kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Stima zikikatika, gemu inafungwa, na yote uliyofanya baada ya kuhifadhi yamepotea. Hifadhi kwanza, kisha ilaze. Tena, hifadhi za gemu za PS5 hazinakiliki kwenye flashi. Nakala ya mtandaoni inataka usajili wa kulipia wa PS Plus. Hifadhi za gemu za PS4 ndizo zinazonakilika kwenye flashi.

Nunua UPS, betri inayoendelea kutoa umeme stima zikikatika. PS5 ikifanya kazi nzito hula wati 200 hivi, na TV juu yake, kwa hiyo soma wati zilizoandikwa kwenye UPS, si VA (volti mara ampea) peke yake. Dakika tano zinatosha kufika mahali pa kuhifadhi. Kile kifaa cha kulinda TV dhidi ya stima kupanda na kushuka hakina betri, hakitakusaidia hapa.

Kosa linalowagharimu wengi Nairobi ni eneo la akaunti. Nyongeza ya gemu ya PS5, yaani sehemu ya ziada inayonunuliwa mtandaoni, lazima itoke eneo moja na diski. Ukiwa na diski ya Elden Ring ya Ulaya, kisha ukanunua nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, kwa akaunti ya Marekani, haitafunguka. Angalia alama ya umri kwenye boksi: PEGI kwa kawaida ni ya Ulaya, ESRB ni ya Marekani. Nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi baadaye, na kadi ya malipo lazima iwe ya nchi hiyo hiyo.

Switch ina picha hafifu kuliko zote, lakini ina betri: toleo la kawaida la 2019 (si Lite) na la OLED hukaa saa 4.5 hadi 9. Giza likiingia, unainyanyua na kuendelea. The Witcher 3 pamoja na nyongeza zake mbili imo yote kwenye kaseti moja ya GB 32, na Xenoblade Chronicles 3 huipati kwingine. Hifadhi hukaa ndani ya mashine, kamwe si kwenye microSD. Ikiibwa nawe huna nakala ya mtandaoni kupitia usajili wa Nintendo Switch Online, safari imeisha. Kabla ya kulipia ya mtumba, ingia kwenye mipangilio ya pedi, fungua urekebishaji wa vijiti, uviachie: alama ikitembea yenyewe, kijiti kimechakaa.

Kwa mtaa ambao stima hupotea kila wiki, tungechukua Switch. Penye umeme wa kutegemewa, PS5 yenye mlango wa diski, pamoja na UPS yake.