Darubini ya 8x42 kwa ndege na vipepeo wa ziwani, maoni yangu baada ya kuitumia Mwanza

Wadau, hii ni kwa yeyote anayetaka darubini ya kuangalia ndege huku kwetu ziwani na anababaika kati ya zilizoandikwa 8x42, 10x50 na zile za bei chee zinazodai zinavuta mpaka mara elfu. Mimi natumia 8x42, nilichukua mpya kwa laki mbili na nusu, kampuni haina jina kubwa, na mwezi huu wa tisa ndo nimeifaidi kwelikweli maana ndege wageni wa Ulaya wameanza kushuka, kule kiangazi kinaisha na wao wanakata Sahara wanakuja kwetu.

Namba zenyewe ni rahisi. 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, huo ndo upana wa mwanga unaofika jichoni, ukiwa mkubwa unaona vizuri hata alfajiri. 10x50 inakupa 5 kwa hiyo kwenye mwanga hawapishani, ila ile ni nzito na inavyovuta zaidi ndivyo inavyokuza na mtetemo wa mkono wako, sasa panda nayo mtumbwi, upepo wa saa nne ushaanza kuchafua maji, hapo utaona ziwa linarukaruka tu na ndege humpati. Zile za mara elfu msipoteze hela jamani, nimeshika ya rafiki yangu, picha ni giza na ukungu, hata mnandi aliyekaa kwenye jiwe na kutanua mabawa akijianika jua huwezi kujua ni mnandi au ni gogo.

Faida kubwa ya 8 ni kwamba unaona eneo pana, kwa hiyo ndege anayeruka unamdaka haraka. Mfano mdiria, yule mweusi na mweupe, kila mtu Mwanza anamjua. Nenda Capri Point asubuhi ukae karibu na maji, atakuja atasimama hewani anapiga mabawa mbio mbio lakini kichwa kimetulia tuli, mdomo unatazama chini, halafu anajitupa. Kwa macho matupu unaishia hapo. Kwa darubini unaona mpaka kifua, dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu na umekatika katikati, na akipata samaki mdogo anaweza kummeza hukohuko juu bila kurudi kutua, ndo maana unamkuta mbali kabisa na ufukwe ambako hakuna hata tawi la kukalia.

Wageni sasa. Kwenye mawe ya pembeni ya maji tafuta kitwitwi mmoja wa kahawia, tumbo jeupe, anatingisha mkia hapumziki, huyo kazalia Ulaya au Asia. Juu ya maji kuna buabua wa mabawa meupe, yakipanda yale mawingu ya wadudu wa ziwani utawaona wanapita humo wanakula, na mwezi huu wengine bado wana mabaka meusi ya manyoya ya msimu wa kuzaliana, yanatoka kidogo kidogo wanabaki weupe na kijivu. Mabaka hayo bila darubini nzuri huyaoni.

Kilichonifanya niipende zaidi ni vipepeo, na hapa ndo wauzaji wengi hawakwambii kitu. Uliza darubini inaona karibu kiasi gani. Yangu inaanza mita 2, nyingi za bei rahisi zinaanza mita 5 au 6 na hapo kipepeo anabaki doa tu. Kuna yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole hana haraka, Danaus chrysippus, haogopi ndege kwa sababu kiwavi wake anakula mimea yenye sumu na sumu inabaki mwilini. Sasa kuna jike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, hana sumu lakini amevaa rangi zilezile ili ndege wamwache. Utawatofautishaje? Bawa la nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, mwigaji ana moja tu kwenye ukingo wa mbele. Nilisimama kwenye mchanga wenye unyevu nikahesabu doa moja moja bila kumsogelea na hakuruka, aisee raha yake siwezi kuieleza.

Kwenye mwalo mmoja huko Luchelele nilikuwa namwangalia furukombe, yule tai anayekula samaki, juu ya mti, mzee mmoja mvuvi akanijia, nikamwamkia shikamoo mzee, akasema marahaba mwanangu hebu nami nione. Nikampa. Akakaa kimya muda mrefu, furukombe akarudisha kichwa nyuma akalia, mzee akasema miaka yote namsikia huyu sijawahi kuona ulimi wake.

Mapungufu yapo. Pembeni ya picha kuna ukungu kidogo, ukitazama ndege mweusi mbele ya anga jeupe anazungukwa na ka rangi ka zambarau. Mkanda wa shingo ni mwembamba unakata, nimebadilisha. Vifuniko vya lenzi vinadondoka hovyo. Ila maji haiingizi, imejazwa naitrojeni ndani kwa hiyo haipati ukungu kwa ndani ukitoka kwenye baridi ya asubuhi.

Ukienda dukani usijaribie ndani, omba utoke nje. Tazama bango la mbali usome maandishi, kisha tazama kitu cha hatua mbili tatu uone kama kinatulia, zungusha ile nobu ya katikati isiwe na mchezo, na ukiona vitu viwili viwili au kichwa kinauma ndani ya dakika moja basi mirija haijalingana, rudisha hiyo uombe nyingine. Lenzi usifute kwa shati, puliza vumbi kwanza. Na jua usilitazame nayo kabisa, hata likiwa linazama, hasa kama umeongozana na watoto.