Koti la mvua lisilochakarisha: misimu mitatu ya kuwinda kwenye mvua ya Oregon

Chukua mfuko wa rambo, ile mifuko tuliyobebea sukari na nyanya kabla haijapigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, uufinyange polepole karibu na sikio. Hiyo ndiyo sauti ya koti langu la kwanza la kuwindia kwenye mvua. Dukani sikuisikia, maana dukani kuna muziki, kuna watoto, kuna mashine ya kadi inayolia. Niliisikia saa moja asubuhi, msituni, mwishoni mwa Oktoba, nikiwa hatua kama arobaini kutoka kwa dume la kulungu mwenye pembe za panda mbili. Niliinua mkono kushika darubini, mkono wa koti ukakwaruza kifuani: shwaa. Mnyama hata hakukimbia. Aligeuza sikio moja, akanitazama kama mwenye duka anavyomtazama mdeni, akapiga hatua mbili na kumezwa na kangaga. Koti lilikuwa dola 119.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, siku hizi naishi nje kidogo ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Kuwinda nilifundishwa na jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kukata magogo. Tunakwenda msitu wa Tillamook, kwenye milima inayopakana na bahari ya Pasifiki. Mji wa Tillamook wenyewe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi yake huanza kumwagika pale pale msimu wa bunduki unapokolea, Oktoba kuingia Novemba. Msitu huo uliungua vibaya 1933, ukaungua tena 1939, 1945 na 1951, kisha ukapandwa upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ni miti ya umri mmoja, imebanana, na chini yake kangaga na vichaka vya miiba. Hupiti humo bila kusuguana na kitu. Mtu anayewinda uwanda mkavu anaweza kuona hoja hii ya kelele ni deko. Kwetu unatembea ukiwa umevaa ngoma, na kila tawi ni mkwiro.

Mnyama tunayemfuata ni yule wa mkia mweusi, kwa Kiingereza black-tailed deer. Namwita kulungu kwa kukosa jina jingine. Najua kulungu wa kwetu Usambara ni mwingine kabisa, tabia zao tu ndizo zinafanana: wote wawili wanapenda ukingo wa kichaka na wote wawili masikio yao hayalali. Wataalamu waliompima binamu yake, wa mkia mweupe, walikuta anasikia mpaka zaidi ya kilohezi 50 (kilohezi ni mitetemo elfu moja kwa sekunde; zikiongezeka, sauti inakuwa nyembamba zaidi), wakati sisi tunaishia kama 20, na sauti anazozinasa vizuri zaidi ni zile za juu, kati ya kilohezi 4 na 8. Mkwaruzo wa nailoni ni sauti ya juu hasa. Kijiti kikivunjika chini ya buti, kulungu anaweza kusamehe, kwa sababu hata wanyama wenzake wanavunja vijiti siku nzima. Ila hakuna mnyama yeyote wa msituni anayetoa sauti ya nailoni.

Sasa kwa nini makoti mazuri ya mvua yanapiga kelele? Koti la kisasa mara nyingi lina tabaka tatu. Katikati kuna utando, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mara nyingi wa jamii ile ile ya plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Bob Gore, yule wa Gore-Tex, ndiye aliyegundua mwaka 1969 namna ya kuuvuta mpaka uwe na vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke wa jasho lakini si tone la maji. Utando huo peke yake ni laini na dhaifu. Unabandikwa kati ya bitana ya ndani na kitambaa cha nje, na hapo ndipo shida inapoanza: kitambaa cha nje huwa nailoni iliyofumwa kwa kubana sana, ili isichanike na ili maji yatelezee. Kubana kule ndiko kunakolia. Kwa maneno mengine, kinachokufanya uwe mkavu na kinachokufanya usikike vinatoka mlango mmoja. Wenye maduka hupenda kuzungumzia namba za kuzuia maji, milimita 10,000, milimita 20,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinabeba kabla hakijavuja. Sijawahi kuona lebo yenye namba ya kelele.

Msimu wa pili nikaruka upande wa pili, kama kawaida ya mtu aliyechomwa. Nilinunua koti la flisi nene, kile kitambaa cha manyoya laini ya plastiki, halina utando, muuzaji akaniambia limepakwa dawa na maji yatateleza. Kimya chake, jamani, ni kama paka kwenye zulia. Siku ya manyunyu nilitembea nalo kwa muda wa saa tatu na nilikuwa na furaha ya kijinga. Siku ya pili mvua ilikuwa mvua kweli. Ilipofika saa tano, maji yalikuwa yamepita mabegani, yameshuka mgongoni, yamejaa kwenye mikono ya koti. Joto lilikuwa kama nyuzi 6 za Selsiasi, si baridi ya kutisha, lakini ukilowana na kuna upepo nyuzi 6 zinatosha. Nilijua mambo yameharibika niliposhindwa kufungua zipu ya mkoba. Vidole vilikuwa vyangu lakini havinisikilizi. Mzee alinikuta nimekaa kwenye kisiki najiambia nipumzike kidogo. Hakuniuliza kitu; alinivua lile koti, akanivisha sweta lake kavu, akanipeleka kwenye gari na kuwasha hita. Nilitetemeka karibu nusu saa. Kimya nilikipata siku ile, nikakaribia kukipata moja kwa moja.

Kwenye gari ndipo nikamkumbuka babu. Alikuwa akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori, na mvua za Machi alikuwa anajifunika gunia: pembe moja inasukumwa ndani ya nyingine linakuwa kofia ndefu mpaka kiunoni. Gunia lilikuwa linalowa, zito, linanuka. Lakini lilikuwa halisemi. Na chini yake alikuwa na koti kuukuu la sufu la mtumba, ambalo sisi wajukuu tulikuwa tunalicheka.

Sufu ndiyo iliyonirudisha kwenye akili. Inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujajisikia umelowa, na hata ikilowa bado inashika joto, jambo ambalo pamba haifanyi kabisa. (Usivae pamba. Hata soksi. Hata chupi, nisamehe kwa kusema.) Na unyoya wake ukisugua tawi hausikiki. Wakata magogo wa huku wamevaa makoti ya sufu nzito zaidi ya miaka mia. Filson ya Seattle, iliyoanza 1897, bado inayauza. Bei yake mpya ni ya kukopea. Mimi langu nililipata kwenye duka la mitumba kwa dola 28, limetobolewa na nondo kwenye kwapa, na mpaka leo sijavaa nguo iliyo kimya kuliko hiyo. Mtanzania na mtumba hatuachani hata huku mitumba inakotoka.

Lakini sufu peke yake ni ya manyunyu. Mvua ikikaza inakuwa mzigo, halafu inakuwa bwawa. Kwa hiyo msimu wa tatu nilitafuta koti lenye utando ndani, ila uso wake wa nje uwe umefumwa kwa uzi laini na kuchanuliwa, unashikika kama ngozi ya pichi. Nilisubiri Februari, msimu ukiwa umeshafungwa, nikalipata kwa dola 280 badala ya zaidi ya 400. Hilo ndilo navaa sasa, na nitalisema kwa ukweli wake.

Ni kimya, lakini si kama sufu. Kwenye sehemu tambarare, mgongoni na kifuani, husikii kitu. Kwenye kingo za zipu na mshono wa bega, pale utepe wa kuziba mishono ulipobandikwa kwa ndani, kuna ugumu kidogo, na ukigeuka ghafla panalia taratibu. Ndani nilikaa mkavu kama saa tano za mvua ya kutosha. Uso wa nje ndio unaolowa: zile nyuzi laini zinanywa maji, koti linazidi uzito, na baada ya hapo jasho linapata taabu kutoka kwa sababu juu ya utando pana tabaka la maji. Ukipanda mlima kwa haraka utalowa kwa jasho lako mwenyewe na kulilaumu koti bure. Kukauka ni siku mbili. Na miiba inauvuta uzi. Kiwiko cha kulia tayari kina ndevu. Hizo zote nakubali. Koti gumu lisilonywa maji lipo mkobani kwa siku ya dharura na kwa safari ya kurudi garini, wakati hakuna tena wa kumnyatia.

Kama unakwenda kununua, usijaribu koti kwa kusimama mbele ya kioo. Nenda kwenye kona isiyo na muziki. Kwangua kitambaa kwa ukucha mara moja, karibu na sikio. Kisha vaa, inua mkono kama unashika darubini, ushushe, kata kiuno kushoto na kulia. Chuchumaa. Fungua mfuko: kama unafungwa kwa velkro, lirudishe koti kwenye hanga, maana ile sauti ya kubandua velkro msituni ni sawa na kupasua shuka. Vifungo au sumaku ni afadhali. Vishikio vya zipu vya chuma nimevikata vyote na kufunga vipande vya kamba.

Jaribio ambalo hakuna muuzaji atakuambia ni la friji. Kitambaa kilicho laini dukani kwenye nyuzi 21 kinaweza kuwa karatasi kikilowa na kupoa. Ukiwa na duka linalokubali kurudishiwa, fika nyumbani, lowesha kitambaa cha kupangusia, ufunike nacho mkono wa koti bila kuondoa lebo, weka kwenye friji saa moja, kisha usikilize tena. Koti langu la kwanza lingefeli pale pale. Makoti ya turubai iliyopakwa nta, ambayo watu huyasifia sana kwa uimara, nayo hufeli: nta ikipoa inaganda na koti linakatika mikunjo kama mkate mkavu. Mzee analo moja, anakatia kuni.

Kofia ya koti ni mada ninayoweza kugombana na mtu kwa ajili yake. Ukiifunika kichwani, kila tone linapiga ngoma juu ya masikio yako na huwezi kusikia kulungu akitembea. Umekuwa kimya lakini umekuwa kiziwi. Mimi navaa kofia ya sufu yenye ukingo mpana kuzunguka, maji yanadondokea mabegani, masikio yako wazi. Kofia ya koti naiacha nyuma ikiwa imekunjwa, isipokuwa tukikaa kula.

Suruali bado sijaridhika. Tatizo ni mapaja kusuguana, shwi-shwi-shwi kila hatua, na suruali laini zenye utando ni ghali kuliko koti. Kwa sasa navaa ya sufu na juu ya buti za mpira nafunga vikinga-miguu vya kitambaa. Magoti yanalowa.

Jambo jingine dogo: Oregon haimlazimishi mtu mzima kuvaa rangi ya chungwa wakati wa kuwinda, inawalazimisha wenye miaka 17 kushuka wanaobeba bunduki. Mimi navaa hata hivyo, nina watoto. Ila vile vizibao vya bei rahisi ni plastiki tupu na vitaharibu kimya chote ulichokilipia. Tafuta cha kitambaa kilichofumwa.

Kuhusu kufua, koti lenye utando linataka kufuliwa, watu wanaogopa bure. Jasho na moshi vinaua ile dawa inayofanya maji yatengeneze shanga. Sabuni maalumu isiyo na manukato, suuza mara mbili, kisha mashine ya kukaushia kwa moto mdogo dakika kama 20, kama lebo inaruhusu. Joto linaiamsha dawa. Dawa mpya zisizo na kemikali za florini, ambazo watengenezaji wengi wamehamia, zinachoka mapema kwenye mafuta na uchafu, kwa hiyo utafua mara nyingi zaidi. Dawa ya kulainisha nguo yenye harufu usiiguse kabisa.

Wiki iliyopita nilikaa na koti hilo, sufu ya mtumba chini yake, kwenye ukingo wa eneo lililokatwa miti. Mvua ilikuwa imekatika, matawi yanadondosha. Jike na mtoto wake walipita hatua kumi na tano kutoka nilipo. Niligeuza kichwa kuwafuata, nikanyoosha mguu uliokufa ganzi, hata sikio halikugeuka. Kibali changu ni cha dume, basi nikawaangalia tu wakila mpaka wakaondoka kwa hiari yao.

Msimu umebakiza siku tano. Sufu imening'inia bafuni tangu Jumapili, mke wangu anasema inanuka mbuzi aliyenyeshewa, na mfuko wa kushoto bado una unyevu.